Mzee Aliyewachagulia Watu Bunduki

Alipozikwa, pale Mungaa, watu walikaa kwenye mikeka wakasimulia chui. Kila mzee alikuwa na chui wake. Mmoja alisema marehemu alimpiga chui juu ya jabali, mwingine akasema hapana, alimpigia mlangoni mwa zizi la mbuzi, na ubishi ukapanda mpaka mtu akawakumbusha kwamba tuko msibani. Nilikuwa nimefika asubuhi hiyo kutoka Shelui, vumbi la lori bado liko kwenye nywele. Nikangoja mtu aitaje kazi yake ile nyingine. Hakuna aliyeitaja.

Chui huyo mimi sikumwona. Nilichokiona kwa miaka ni mzee mmoja mrefu, mwembamba, akimkazia macho mtu mwenye kibali kipya cha kumiliki silaha na kumuuliza maswali, mpaka ajue bunduki ipi itamfaa, au kama ni heri asiwe nayo kabisa. Tulimwita Mwindaji. Mke wake naye alimwita hivyo hivyo, tena kwa sauti ya kumsuta: "Mwindaji, kuni hazijawindwa leo." Kijiji kilimtegemea kwa nguruwe pori. Walipoingia kwenye viazi au mtama, ndiye aliyeitwa, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bunduki kijijini. Kwa hiyo jicho lake la kulia lilipoanza kufunga, halikuwa jambo la nyumbani kwake peke yake. Ilibidi aamue nani atabeba bunduki badala yake, na kwa miaka miwili hakutaka kuamua.

Nilimjua kwa sababu ya uwele. Niliajiriwa kuamia shamba la jirani yake, kufukuza ndege, kazi ya mtu asiye na kazi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimepakia vitunguu, nimechimba visima, nimekuwa utingo wa lori, na kila mahali nimewachosha watu kwa maswali. Mwindaji alipita na bunduki yake ya mtutu mmoja, ile ya kuvunjwa katikati kama muwa, nikamuuliza kwa nini ameivunja wakati anatembea.

"Ili wewe uone kuwa haina kitu," alisema.

"Mimi sina shida nayo."

"Mwenye shida ni ule mtutu. Hauna akili. Unaelekea popote mkono unapoelekea."

Jioni nilikwenda kwake kuuliza lililofuata, nikala ugali, na tangu siku hiyo kila nilipopita Ikungi, kwenye barabara kuu, nilikata njia kwenda kumsalimu. Wakati mwingine nilikaa juma moja, wakati mwingine msimu mzima.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na nguruwe aliowaua hakuwagusa hata kwa fimbo. Akishapiga, alisimama kando na kupiga mluzi, na majirani zake Wakristo walikuja na visu na beseni, wakicheka. "Mwindaji, karibu mchuzi!" walimwambia, mwaka hata mwaka, na yeye alijibu vilevile, kwamba tumbo lake limejaa. Kanga na kwale ilikuwa habari nyingine. Ndege akianguka, mzee yule alikimbia. Alikuwa amepita miaka sitini, lakini alikimbia kati ya miiba huku ameshika kisu, ili amwahi angali hai amchinje kwa jina la Mungu. Akichelewa, ndege alibaki pale pale alipo, au alikwenda kwa majirani. Nilimwona akirudi mikono mitupu, kifua kinapanda na kushuka, uso umekunjamana kama mtu aliyefiwa.

Lakini kuku wa nyumbani hakumchinja. Mke wake alimwita kijana wa jirani. Nilipomuuliza sababu, alitazama pembeni.

"Huyo namjua," alisema.

Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mtu anayetaka bunduki lilikuwa: "Nyama yako wanakula akina nani?" Watu walishangaa. Walikuja wakiwa tayari kuzungumza habari za mitutu na nguvu, kumbe mzee anauliza habari za sufuria. Lakini kwake ndiko bunduki ilikoanzia. Kama wageni wako watasusa nyama isiyochinjwa, unataka marisau madogo, zile punje za risasi, na mtutu usiobana sana mdomoni, ndege aanguke akiwa na uhai. Kama hakuna anayejali, unaweza kubana. Kama unalinda viazi tu na nyama huitaki, basi ni marisau makubwa, na mnyama asiteseke. "Mtu hununua bunduki, kisha ndiyo anafikiri chakula," alisema. "Anakula aibu."

Swali la pili: anawinda wapi. Hili alilianza baada ya kukosea. Alimchagulia mfanyabiashara mmoja wa Shelui shotigani yenye mtutu mrefu, nzuri kweli, ya kupiga ndege angani. Mfanyabiashara akaenda nayo kwenye vichaka vizito, ambako mtu hapiti ila kwa kuinama, na kila alipoiinua ilinasa matawi. Alirudi na mikwaruzo usoni, amekasirika kweli.

"Umenipa mti wa kuchumia maembe!"

Mwindaji alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuona una gari," alisema, "nikadhani unawinda barabarani." Kisha akaona halikuwa jibu. Alivaa viatu, akaenda na yule bwana kwenye vichaka vyake, wakatembea siku nzima, na jioni akakiri mbele ya familia ya mtu yule kwamba kosa ni lake. Hakupenda kukiri. Alirudi akiwa na homa.

La tatu halikuwa swali. Ilikuwa amri. "Siku ya kwenda dukani, njoo na koti lako."

Wanaoijua Singida ya mwezi wa sita na wa saba wataelewa. Upepo ule unapita kwenye shati kama hukulivaa. Asubuhi mtu anayelinda shamba anavaa sweta, koti, na juu ya koti shuka. Lakini duka la bunduki liko mjini, na mtu anakwenda mchana amevaa shati jepesi, anaiweka bunduki begani, inakaa vizuri, anailipia. Asubuhi ya kwanza ya baridi kitako cha bunduki kinakwama kwapani, kwa sababu nguo zimemnenepesha na mkono umekuwa mfupi. Kanga wanaruka, yeye bado anapigana na koti lake. Mwindaji aliona hivyo kwa watu wengi, na kwa hiyo watu wazima waliingia dukani wamevaa makoti katikati ya joto la Oktoba, jasho linawatiririka, muuzaji anacheka mpaka anashika meza.

Kisha alimwambia mtu atazame kitu ukutani, kalenda au saa, afumbe macho, ainue bunduki tupu mpaka begani na kuelekeza pale, ndipo afumbue. Bunduki iliyo yako, ukifumbua macho, unakuta ile shanga ya kulengea, mbele ya mtutu, imetulia mahali ulipopataka. Isiyo yako inatazama kwingine. "Shingo haitakiwi kuifuata," alisema. "Siku ya nguruwe shingo haina nafasi." Waliokuta inatazama feni walibadilisha kitako, au bunduki, au walirudi nyumbani. Aliwarudisha wengi. Mtu mmoja mwenye cheo alimrudisha kwa sababu tu aliingiza kidole kwenye kifyatulio kabla hajaambiwa. Alisemwa sana kwa hilo. Hakujitetea, na pia hakubadilika.

Mimi alinikataa bila hata kunipeleka dukani. Nilikuwa nimemwambia, nusu kwa utani, kwamba nikipata kibali anichagulie.

"Unalala wapi wiki ijayo?" aliniuliza.

Sikujua.

"Basi bunduki italala wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwaka ule nilikaa Mungaa muda mrefu kuliko miaka yote, labda kumwonyesha kitu, halafu nikaondoka tena.

Jambo ambalo sikulielewa kwake ni pampu. Vijana wote waliokuja walitaka shotigani ya pampu, ile ambayo unavuta mkono wa chini ya mtutu nyuma na mbele, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia. Walipenda ule mlio wake. Mwindaji aliidharau. Aliiita mashine ya watu wenye haraka. Alisema bunduki ya kuvunja inakuonyesha tumbo lake, unaona mwanga unatokea upande wa pili, lakini pampu inaficha. Mtu anaamini imeisha, kumbe moja imelala ndani. Aliwalazimisha wachomeke kidole kidogo ndani waguse, macho yasiaminiwe. Na bado aliwachagulia pampu wengi kuliko bunduki nyingine yoyote. Nilimuuliza kwa nini anawapa watu kitu asichokipenda.

"Mimi siwapi ninachokipenda. Nawapa kinachowafaa. Mkulima anapiga nguruwe mmoja, wa pili anamjia. Unataka aanze kuvunja bunduki?"

"Na wewe mbona hununui?"

"Mimi wa pili namwacha aje," alisema, na nikajua anajisifu.

Kumsifu mtu mwingine kulimshinda. Kitu kikiwa kizuri sana alisema "haidhuru." Alivaa viatu vilivyong'arishwa kwenda dukani na kandambili kwenda kwenye harusi. Alichukia kelele porini, lakini nyumbani aliongea kama anaita mtu ng'ambo ya korongo. Na alikuwa na ukaidi mmoja ambao ulimchosha kila mtu: hakutaka kumchagulia mwanamke bunduki.

Mwanamke mwenyewe alikuwa jirani yake, mjane, tumwite Mama Elia, Mkristo, mwenye viazi na karanga kwenye bonde linalopakana na pori. Nguruwe walianzia kwake. Alipata kibali chake kwa kufuatilia mwenyewe, akaja kwa Mwindaji mara ya kwanza kwa heshima, amepiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja unichagulie."

"Nikuchagulie nini, mama? Vitunguu?"

Alikwenda zake. Alirudi msimu uliofuata, na safari hii hakupiga goti. "Mzee, jana nguruwe wako wamelala kwangu. Wameshiba, wanakusalimu." Mwindaji alisema atakuja usiku huo, na kweli alikuja, akapiga, akakosa. Nilikuwepo. Nguruwe alikuwa karibu kiasi cha kurushiwa jembe. Mzee aliivunja bunduki yake, akatoa ganda, akalitazama muda mrefu.  Asubuhi alikwenda hospitali, wakamwambia ni presha ya jicho, na kwamba kilichokwisha potea hakitarudi.

Kuanzia hapo watu wa bonde walikuwa wanalima na kuvuniwa na nguruwe. Kijiji kilimngoja aseme. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Na yeye, badala ya kusema, alianza kuinua fimbo kwenye bega la kushoto nyuma ya nyumba, akidhani hatuoni. Alikuwa ameamua kuhamia jicho lililobaki. Kwa hiyo, akaniambia siku moja, anahitaji pampu.

"Pampu?"

"Ya begi la kushoto. Bega," alijirekebisha, na nikaona jinsi lilivyokuwa gumu kwake kutamka. Alitaka ile ambayo kitufe cha usalama kiko juu, mgongoni mwa bunduki, ambako dole gumba la mkono wowote linafika. Nyingi zinakuwa nacho pembeni ya kifyatulio, na pembeni hapo hupendelewa mkono wa kulia. Na alitaka risasi ya pili iwe karibu. Hilo hakulisema. Mtu ambaye wa pili alimwacha aje, sasa hakuwa na uhakika na wa kwanza.

Mke wake aliniomba niende naye Dodoma, kwenye duka la bunduki. "Haoni upande wa kulia," alisema. "Na asijue nimekutuma."

Tulipopanda basi Ikungi, Mama Elia alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, koti zito mapajani.

"Unakwenda wapi?" Mwindaji aliuliza.

"Dukani. Nimesikia mnadai makoti."

Mwindaji alipita akakaa nyuma yake. Njia nzima alitazama dirishani, upande anaouona.

Muuzaji alimjua kwa miaka mingi. Alimpa kiti, akauliza kwa kicheko mteja ni nani leo, akatutazama mimi na Mama Elia.

"Ni mimi," alisema Mwindaji.

Muuzaji aliacha kucheka. Alimletea pampu tatu, zote alizikagua yeye mwenyewe kwanza na kuonyesha kuwa ni tupu, maana alikuwa mtu makini na kazi yake. Mwindaji aliziinua moja moja. Ya kwanza ilikuwa nzito mbele. Ya pili kitufe kiko pembeni. Ya tatu, yenye kitako cha mbao ya rangi ya asali, ilikuwa na kitufe juu, fupi ya mtutu, na aliposukuma, ule mkono wa chini ya mtutu uliteleza bila kukwaruza. "Haidhuru," alisema. Alivaa koti. Akatazama kalenda ukutani, akafumba macho, akaiinua kwenye bega la kushoto.

"Niambie inatazama wapi," aliniambia kabla hajafumbua. "Usinionee huruma."

Ilikuwa inatazama pembe ya dari.

Muuzaji alisema bega jipya linataka mazoezi, mzee, miezi miwili mitatu tu. Mwindaji alirudia. Safari hii ilikuwa chini ya kalenda, kwenye swichi ya taa. Alirudia tena, ikapotea tena. Maisha yote mwili ule ulikuwa umejifunza upande mmoja, na upande ule umefunga. Nilimwambia kila mara inapotazama. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu mwenyewe. Mwisho aliishusha, akaigeuza mdomo ukatazama ukutani, akakaa.

"Huyu asiuziwe," alimwambia muuzaji.

Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nilidhani atatoka nje, kwa adabu, asione. Hakutoka. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akaja akasimama mbele yake.

"Mzee, mimi niko tayari kurudishwa," alisema. "Lakini kwanza nijaribu."

Mwindaji alimtazama sana, kwa kugeuza kichwa kama kuku anavyotazama. Kisha akampa ile ya tatu. Mama Elia aliipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka kwenye bega la kulia, akafumba macho, akaelekeza. Aliinamisha kichwa mpaka sikio lilikaribia kugusa kitako. Alipofumbua, ilikuwa inatazama mlango. Muuzaji alikohoa.

"Mama," Mwindaji alisema, "unalimia mkono gani?"

Mama Elia aliishusha bunduki.

"Nimekuona ukifunga vifungo. Unalimia mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee. Unisamehe."

"Na mbona unanishikia bunduki kwa kulia?"

"Nipokee kitu kwako kwa mkono wa kushoto? Nimelelewa, mzee."

Mwindaji alifumba macho kidogo. Nadhani aliwaona wote aliowahi kuwapima, watu waliosimama mbele yake na kumpa mkono wa heshima badala ya mkono wao. "Nani amekuomba adabu hapa?" alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kuita mtu ng'ambo ya korongo. "Weka kushoto. Fumba."

Aliiweka. Ilikwenda begani kama mtoto anavyopanda mgongoni kwa mama yake. Alipofumbua macho hakuna aliyehitaji kuuliza, maana yeye mwenyewe alishusha pumzi.

"Sasa vuta. Pampu usiivute kwa aibu. Ukiivuta nusu, itakukwamia."

Mama Elia alivuta kwa nguvu ya jembe. Mlio ulijaa duka, muuzaji akaruka.

"Haidhuru," alisema Mwindaji, kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Ni nzuri." Akamwamuru achomeke kidole ndani aguse.

Tulirudi jioni ya siku iliyofuata, baada ya taratibu zote kukamilika. Bodaboda zilitushusha kwenye korongo, kwa sababu mvua zilikuwa zimekula daraja, na kutoka pale ni njia ya miguu, nyembamba, katikati ya majabali. Miaka yote niliyopita njia ile na Mwindaji, yeye alikuwa mbele. Mama Elia, bunduki ikiwa kwenye mfuko wake mgongoni, alijisogeza pembeni ya njia kumpisha mzee.

Mwindaji hakusogea.

"Tangulia, mama."

"Siwezi, mzee. Nitakutanguliaje wewe?"

"Mwenye bunduki anatangulia. Akikaa nyuma, mtutu unawatazama wenzake mgongoni."

"Haina risasi."

"Wote husema hivyo."

"Na watu wakiniona nimekuacha nyuma, watasema nini?"

"Watasema una bunduki."

Mama Elia alikaza mkanda wa mfuko. Kisha akainamisha kichwa, kama mtu anavyopita mbele ya wazee waliokaa, akatupita. Hatua za kwanza alitembea ameinama hivyo hivyo. Baadaye njia ilianza kupanda, akanyooka.

Mwindaji alinyoosha mkono wake wa kulia hewani, kwenye upande asiouona, nikaushika. Tukapanda polepole. Alikuwa anasikiliza mbele, kichwa kimeinama.

"Anakanyaga kwa kishindo," aliniambia. "Kesho nitamwambia avue viatu."